Wimbo wa Waskoti Ubaoni

Ukumbi wa chini wa kanisa lile la Annandale, huko ughaibuni, ulinuka zulia lililolowa zamani na kukaushwa nusu, vumbi la chaki, na kahawa iliyosahauliwa juu ya moto tangu ibada ya wenyeji asubuhi. Sisi tulikuwa wapangaji wa saa tatu tu, kila Jumapili alasiri. Baba alisomea ualimu mchana na kusafisha ofisi za Arlington jioni, lakini Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliandika sol-fa ubaoni kama alivyofundishwa na mwalimu wake kule Nyeri, ambaye naye alifundishwa na wamisionari Waskoti: herufi za d, r, m, f katika mistari minne, mstari mmoja kwa kila sauti. Hakuna aliyeruhusiwa kuimba neno kabla hajaimba herufi zake. Nilikuwa na miaka kumi. Dada yangu Wanja alikuwa na kumi na mitano, na aliimba sauti ya pili kwa namna ambayo hata leo, baada ya kujisomea vitabu vingi vya muziki, siwezi kuieleza ila kwa kusema kwamba waimbaji wengine walimsogelea bila kujijua.

Majira ya baridi ya mwaka ule maktaba ya mtaani iligawa bure kaseti ambazo hazikuwa zikiazimwa. Wanja alichukua moja, ya bendi ya Waskoti wanne ambao hata kwao, nilikuja kusoma baadaye, hawakupata kujulikana sana. Jalada lilikuwa na picha ya kituo cha basi wakati wa mvua. Gitaa zilikuwa nyepesi, ngoma kama mtu anayepapasa meza, na mwanamke aliyeimba hakuonekana kuwa na haraka ya kupendwa. Tulisikiliza chumbani kwetu, sauti tukiiweka chini kabisa, kwa sababu Baba hakutaka nyimbo za dunia nyumbani. Kisha Wanja akaandika wimbo wa tatu kwa sol-fa, sauti zote nne, akiirudisha kanda tena na tena hadi kitufe kikalegea. Akautungia maneno ya Kiswahili juu ya kumngoja Bwana, akampa Baba karatasi na kumwambia wimbo ameupata kwa Waskoti. Hakuongeza neno, wala hakusema uongo.

Baba aliisoma amesimama, midomo ikitembea. "Huu ni wa zamani sana," alisema. "Siku hizi hawatungi hivi." Jumapili iliyofuata wimbo ulikuwa ubaoni. Mama Furaha, Mkongo aliyesimama kando ya Wanja, alijifuta macho kwa kanga.

"Ile wimbo iko muzuri, inaniingia mu roho," alisema. "Papa Wanja, ulikuwa unaificha wapi?"

"Kwa Waskoti," Baba akajibu, na kwaya nzima ikacheka. Ukapangwa kuimbwa Pasaka.

Wiki mbili kabla ya Pasaka Wanja alinitoa mstari wa mbele. "Unashuka, Muthoni. Kila ukifika noti ya 'la' sauti yako inashuka. Simama nyuma ya Mama Furaha, umwige." Ilikuwa kweli, na waliocheka walicheka kidogo tu, bila ubaya. Ilinitosha. Nilimwendea Baba, aliyekuwa akiandika ubeti wa pili, nikamnong'oneza kwamba wimbo ule ni wa kaseti, wa msichana anayemngoja mvulana kwenye kituo cha basi. Baba hakugeuka. Alifuta ubao kwa mkono wa koti lake, kuanzia sauti ya nne kwenda juu. Alipofika sauti ya pili akasita kidogo, kisha akaifuta nayo. "Wanja, kaa chini," alisema. Wanja akaenda kukaa kwenye kiti kilichorundikwa makoti ya watu, akitazama mikono yake. Nadhani Baba alimaanisha siku ile tu, kwa maana miezi miwili baadaye alimwambia arudi mstarini. Wanja akasema koo linamuuma. Koo hilo halijapona. Hakuimba siku ya harusi yake. Tulipomzika Baba alisimama kaburini mdomo umefungwa, nami nikidhani ni mimi peke yangu ninayejua sababu.

Mwaka huu Waskoti wale wamerudi na albamu mpya, baada ya ukimya wa miaka mingi kuliko umri wa watoto wangu. Niliisikiliza kwa utaratibu kwenye treni ya asubuhi kutoka Laurel, wimbo mmoja kila siku, kabla ya kuthubutu kuusikiliza mfululizo wote. Ni kazi bora kuliko ile ya kwanza, na naogopa itapita bila kusikika kama ile. Sauti ya mwanamke yule imeshuka. Noti alizokuwa akizifikia kwa wepesi sasa anazizunguka, na asipoweza anaiachia gitaa imalizie. Hawakuificha pumzi yake. Wimbo wa sita hauna kiitikio: kila zamu ya kiitikio inapofika, bendi hupiga mapigo manne bila mwimbaji, kisha huendelea.

Nilimpigia Wanja. Alipitia kwangu akitoka zamu ya uuguzi, bado na sare, tukasikiliza ndani ya gari lake, mvua ikinyesha. Aliwatambua kabla mwimbaji hajaanza.

"Ni wale," alisema. "Wamezeeka."

"Na sisi?"

"Wewe zaidi."

Tulicheka. Kisha nikasema, "Wanja, ni mimi niliyemwambia Baba."

Hakuuzima muziki. "Najua. Kaseti tuliijua watu wawili."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na miaka kumi. Nikasema, akifika kumi na mitano atakuja mwenyewe. Halafu nikasema ishirini." Alipangusa kioo kwa kiganja. "Halafu nikaacha kuhesabu."

Nilimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa, na nilijua kwamba amenisamehe zamani na kwamba msamaha huo haumrudishii kitu. Waskoti wamerudi na sauti waliyobaki nayo, kwa sababu sauti yao ilitumika hadi ikachakaa. Ya Wanja niliisikia mara ya mwisho ikiwa na miaka kumi na mitano. Sijui ingekuwaje leo, wala yeye hajui. Wimbo wa sita ulipoanza alipiga mapigo kwa vidole viwili juu ya usukani, sawasawa, bila kukosea. Ilipofika ile nafasi tupu aliinua mkono, kiganja juu, kama Baba alivyokuwa akiikaribisha sauti ya pili. Mkono ukakaa hewani mapigo manne, kisha ukarudi kwenye usukani.