Nne ni ya Mungu

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, msimamizi wetu katika wodi ya uzazi alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye miwani na mdomo usiojua kusifu. Sote tulimwita Sista. Alitupima kwa alama kuanzia sufuri hadi nne, na siku ya kwanza alitusomea sheria yake: "Nne ni ya Mungu, tatu ni yangu, na nyinyi mng'ang'anie mbili."

Tuling'ang'ania. Siku moja nilizalisha mapacha, yeye akiwa amesimama nyuma yangu amekunja mikono. Wa pili alitanguliza miguu. Nilimaliza jasho limeingia hadi kwenye viatu, mama akiwa salama, watoto wakipiga kelele kama waliodhulumiwa shamba. Sista aliwatazama watoto, akanitazama mimi, akaandika mbili. Nilikwenda kulia chooni, na sikulia kwa huzuni. Mimi ni Mmeru, hasira sihitaji kuazima kwa mtu.

Miaka ikapita. Mimi niliacha wodi nikaajiriwa Embu, katika ofisi inayosimamia vituo vya afya. Sista alistaafu, akachukua kiinua mgongo chake akajenga kituo kidogo cha kujifungulia upande wa Mbeere, ukishapita Kiritiri. Kina mama wa huko wakampenda jinsi watu wanavyopenda dawa chungu inayoponya.

Zamani ukaguzi ulikuwa kazi ya miguu na makaratasi. Wenye vituo walijua siku yetu hata kabla hatujaijua sisi. Ungefika ukuta bado unanuka rangi, na mezani kuku anakungoja. Kisha ukaja mfumo mpya wa mtandaoni. Sasa mwenye kituo anaingia mwenyewe kwa simu au kompyuta, anaulizwa habari za maji, dawa, vitanda na usafi, na kwa kila swali anajipa alama. Sufuri hadi nne! Nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka, nikadhani aliyeunda mfumo naye alipita mikononi mwa Sista.

Mfumo ukishajumlisha unakupa rangi. Kijani, leseni yako inaendelea. Manjano, rekebisha. Nyekundu, leseni inajifunga yenyewe mwisho wa mwezi, isipokuwa afisa aje kituoni athibitishe kila jibu kwa macho yake. Mimi niliufurahia mfumo huo kuliko wenzangu. Kuku wa kulazimishwa walikuwa wamenichosha.

Tuliwaita wenye vituo Embu tukawafundisha. Bwana mmoja mwenye tai aliuliza kama mtu akijipa nne kila mahali kuna atakayejua. Tukamwambia tutajua. Alicheka, akaenda kujipa nne kila mahali, pamoja na chumba cha upasuaji ambacho hana. Huyo tulimfikia baadaye, na tai yake haikumsaidia.

Sista alikuwa ameketi mbele kabisa. Aliuliza jambo moja tu.

"Anayepima ni nani?"

"Ni wewe mwenyewe, Sista."

Akaguna. Guno lile ningelielewa vizuri, yasingetokea yaliyotokea.

Siku chache kabla ya mwezi kuisha nilifungua orodha ya vituo nikaona cha Sista kinawaka nyekundu. Nilidhani amebonyeza vibaya, nikampigia simu.

"Mimi nibonyeze vibaya? Macho yangu ni mazima."

"Lakini kwa maji umejipa mbili. Kwani maji yamekatika?"

"Yakatike wapi? Niko na tangi kubwa, na mfereji haujawahi kukauka."

"Na usafi, mbili. Dawa, mbili. Sista, kila mahali ni mbili!"

"Wewe msichana, nilikufundisha nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikijipa nne, Mungu nimwachie ngapi?"

Nilimweleza kwamba mashine haijui unyenyekevu. Inajua kujumlisha tu, na jumla yake inasema kituo chake ni hatari, na mwezi ukiisha itamfunga. Nilisikia mbuzi wakilia upande wake wa simu.

"Inifunge mimi?"

"Ikufunge."

"Basi ije," akasema, akakata.

Mkubwa wangu aliniambia hakuna mtu awezaye kubadilisha rangi akiwa ofisini. Ni lazima afisa aende. Nikaenda kesho yake asubuhi, nimefura. Nilikuwa nimemkasirikia Sista kwa kiburi kile kilichovaa nguo za unyenyekevu, na nilikuwa naogopa pia. Kituo hicho kikifungwa, mama mwenye uchungu wa kuzaa angepanda pikipiki kwenda mbali, juani, kwenye barabara ya mawe. Kwa maneno mengine, watu wangekufa kwa sababu bibi mmoja hataki kujisifu.

Kwenye benchi la nje nilikuta kina mama wajawazito wameketi. Mmoja alikuwa na begi la mtoto tayari, tumbo limeshuka. Aliitazama tableti yangu akauliza bila salamu, "Ni wewe unafunga hapa?"

"Nimekuja kufungua," nikamjibu, ingawa sikuwa na hakika.

Sista alinipokea kwa kunitazama viatu, kama zamani. Tulianza na mfereji uliokuwa hapo hapo kando ya benchi.

"Maji, Sista. Alama ngapi?"

"Mbili."

"Sababu?"

"Mwanadamu hakosi kasoro."

Nilivumilia. Tukaingia ndani. Sakafu ya chumba cha kuzalia ungeweza kulia chakula juu yake. Kabati la dawa limepangwa, hakuna hata chupa moja iliyopitwa na wakati. Vitanda vina shuka zilizonyooshwa kwa pasi. Kwa kila kimoja Sista alisema mbili, kwa sauti ile ile ya wodini. Tuliporudi kwenye mfereji uvumilivu wangu ulikuwa umekwisha, nikamfokea mbele za watu.

"Sista! Sikukuuliza Mungu ana ngapi! Nimeuliza kama maji yanatoka!"

Kina mama wakaangua kicheko. Sista aliteremsha miwani hadi puani, akanitazama nikajiona nimevaa tena sare ya mwanafunzi.

"Yanatoka," akasema polepole.

"Usiku na mchana?"

"Usiku na mchana."

"Na sabuni iko?"

"Si unaiona?"

"Basi sikiliza ilivyoandikwa hapa. Maji yanatoka wakati wote, na sabuni ipo: nne. Hakuna mahali imeandikwa Mungu. Hii si sifa, Sista, ni habari."

Alifungua mdomo kubisha, lakini mama mwenye begi akamtangulia. "Andikia yeye nne, madam! Amezalisha mimi, amezalisha dada yangu, na hakuna mtoto wetu amewahi potea hapa."

"Nne!" wengine wakaitikia.

Tukaendelea hivyo. Mimi nasoma maelezo, Sista anajibu ndiyo au la, benchi linapiga kura. Alionekana kama mtu anayevishwa nguo mpya kwa nguvu. Tulipofika kwenye swali la gari la kumkimbiza mgonjwa hospitali kubwa, mimi nilikuwa nimeshachangamka. Nilijua anatumia pikapu ya jirani. Nikaweka tatu.

Akanishika mkono.

"Hapo ni moja."

"Lakini gari lipo."

"Lipo likipenda. Likienda kubeba mchanga mtoni, mimi nabaki na mama anavuja damu mikononi. Ulisema hii ni habari. Basi andika habari."

Nikafuta, nikaandika moja. Nilimpenda sana wakati huo, na sikumwambia.

Ilibaki kutuma. Mtandao unapatikana nyuma ya tangi tu, basi tulikwenda wote kusimama nyuma ya tangi, mimi, Sista na matumbo yale yote. Duara lilizunguka kwenye kioo, likazunguka, mpaka mama mwenye begi akasema hata mtoto wake hachelewi hivyo. Kisha ikatokea kijani, na chini yake onyo kuhusu gari. Vigelegele vilipigwa kama mtoto amezaliwa. Onyo hilo Sista alilisoma mara mbili, na kabla sijaondoka alikuwa amempigia mtu mwingine mwenye pikapu, wakapatana apokezane zamu na yule jirani.

Alinipakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na ndengu. "Kazi imeisha, kwa hivyo hii si hongo. Kula." Nilikula, nikaongezwa. Neno la asante sikulipata, na sikulitegemea.

Kitu nilichosahau ni kwamba mfumo huo hauachi mtu. Afisa akishaondoka, mwenye kituo naye huulizwa ampe afisa alama. Jumamosi nilikuwa nyumbani Meru, nimeteremka Makutano kununua nyama, simu ikalia kwa ujumbe wa mfumo. Umepimwa. Niliifungua pale pale mbele ya bucha.

Tatu. Na chini yake, kwa maneno yake: "Ana hasira. Kazi yake ni safi."

Machozi yalinitoka hadharani, bila choo cha kujifichia. Mwenye bucha, mzee Mwislamu ambaye ameniuzia nyama tangu nikiwa mtoto, aliweka kisu chini.

"Kuna msiba, mwanangu?"

"Hapana, baba. Nimepata tatu."

"Tatu kwa ngapi?"

"Kwa nne."

"Si mbaya," akasema, akarudi kwenye mizani.

"Hujaelewa. Hiyo tatu ni ya mwalimu wangu mwenyewe. Hajawahi kumpa mtu."

Alifikiri kidogo huku akifunga nyama yangu kwenye karatasi.

"Sasa kama amekupa yake, yeye amebaki na ngapi?"

"Nne," nikamwambia. "Nilimwekea mimi."