Software ilikataa kusema "True" kwa inequality yangu, mwalimu wa Kiirua akaniokoa

Wakuu, habari zenu. Hii imenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Siakago, na nilikuwa namalizia masters ya hesabu. Thesis ilihusu mbuzi na malisho huku kwetu Mbeere.

Kulikuwa na herufi r: kasi ya nyasi kuota, ukigawanya na kasi ya mbuzi kuzila. Chapter nzima ilisimamia kitu kimoja, kwamba r + 1/r haishuki chini ya 2.

Kwa karatasi nilikuwa nimethibitisha. Supervisor akataka niicheki pia kwa software ya algebra.

Nikaandika, nikabonyeza. Badala ya True, ikanirudishia inequality vile vile nilivyoiandika.

Defence, siku ya kuitetea thesis mbele ya examiner, ilikuwa karibu. Nikaanza kuamini proof yangu ni mbovu, nikamwambia mke wangu nafuta hiyo chapter.

Akasema, "Kabla ufute, si upigie Kinya?"

Kinya tulisoma naye campus, sasa anafundisha shule moja kule Kiirua. Nilimpata break ya chai, nikamweleza vile software imenijibu. Hakunicheka.

"Umeiambia hiyo software r ni nini?"

"Ni r tu."

"Basi kwake inaweza kuwa hasi, hata complex, namba isiyo halisi. Wewe unajua mbuzi hawali nyasi hasi. Hiyo mashine haijawahi kufika Mbeere."

Nikatangaza r ni positive. Bado. Kumbe expression ilikuwa imeshika ile r ya kwanza, isiyo na sharti. Nikaiandika upya. Bado.

Kinya hakukata simu. "Leta hiyo 2 upande wa kushoto, kisha factorise."

Ikatoka (r − 1)²/r. Nikauliza kama hiyo ni sifuri au zaidi.

True.

Nikamsomea Kinya neno hilo kwa simu, mara mbili.

Siku ya defence, examiner akaniuliza, "Na r ikiwa hasi?" Nikamjibu kwamba r ni kasi chanya juu ya kasi chanya, haiwezi kuwa hasi. Nikapita.

Baadaye mimi na mke wangu tulimpelekea Kinya ndengu za shamba letu. Tulirudi na viazi vingi kuliko ndengu tulizobeba. Mungu ambariki sana.

Nilichojifunza: software ikikosa kukubali, haijasema ni uongo. Imesema haijui. Ipe masharti yako yote, hata yale unaona ni wazi. Na watu pia, waambie umekwama.

Wewe ni nani alikushika mkono ukitaka kufuta kazi yako? Mtaje hapa chini, tumshukuru pamoja.