Kaa Mkubwa Niliyempeleka Mikumi

Aibu hii nimeitembeza mwenyewe Kilosa nzima, kwa hiyo msijifanye mnaficha kicheko kwenye vikombe vya kahawa, chekeni tu. Nilitozwa faini siku ile, na faini yenyewe ilikuwa kwamba kila nitakapoulizwa habari ya kaa nisimulie yote bila kupunguza, na mimi shule niliishia darasa la tatu lakini ahadi naijua.

Basi, kulikuwa na kijana anaitwa Mikidadi, fundi wa mafriji pale Mikumi, anakaa kwa shangazi yake mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu. Huyu Mikidadi alikuwa na bahari. Msinikatize, nasema bahari! Mgeni mmoja wa nchi za nje alikuwa anarudi kwao, akamwachia tangi la kioo refu kama kitanda, mashine zake zimekufa, Mikidadi akazifufua zote, akatia maji ya chumvi, na ndani mkawa na matumbawe yanayoishi, yanafumba na kufumbua kama maua, na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe kama wamefungwa bandeji. Watu wanatoka Zombo kwa baiskeli kuja kuangalia bahari Mikumi, mahali ambapo tumezoea kuangalia tembo.

Na huyo Mikidadi alimtaka binti yangu Zaituni.

Mimi nilikuwa sijajibu. Niseme ukweli, mtu mwenyewe nilimwona mdogo. Mfupi, mwembamba, sauti ya chini, ukimsimamisha kwenye mahindi ya Kilangali unamtafuta kutwa. Mimi nilitaka mkwe wa kifua, mtu akiingia mlangoni kila mtu ajue kuna mtu kaingia. Mke wangu, Bi Tatu, alikuwa ananiambia, “Baba Zai, unatafuta mkwe au unatafuta ng'ombe wa kulimia?”

Sasa ikawa tunakwenda kwao Bi Tatu, pwani, kusalimia, na tukirudi tupitilize Mikumi moja kwa moja, wazee wa Mikidadi watakuwa wamekusanyika kusubiri jibu langu. Mikidadi aliposikia tunakwenda pwani akaja mpaka Kilosa, shikamoo zake zote, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

“Baba, nina ombi. Kioo changu kinashika utelezi wa kijani. Kuna wale kaa wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, ndio wanausafisha. Naomba uniletee kumi.”

“Tutakuletea.”

“Ila wawe wadogo, baba. Kama punje ya hindi. Wakubwa wanapindua mawe, na wanakula wenzao.”

“Nimekusikia,” nikasema. (Kusikia nilisikia.)

Hao kaa Bi Tatu alikuwa na jina lao la kikwao, nimelisahau, na wa kumuuliza hayupo tena. Mimi nawaita wapangaji. Maana nyumba si yake, konokono kafa kaiacha, yeye kaingia, na akikua inambana, inabidi ahame.

Asubuhi ile maji yamekupwa, Bi Tatu kapandisha gauni mpaka magotini, anaruka mawe kama msichana, na sisi wote tumeshapita miaka sitini. Nilikuwa nimemzoea wa Kilosa, anayelalamika miguu. Huyu wa pwani nilikuwa nimemsahau tangu tulipooana. Anachutama kwenye vidimbwi, anawaokota mmoja mmoja, anamweka kiganjani, anasubiri atoe miguu. “Huyu ana miguu ya bluu, mpole, twende naye. Huyu ana manyoya mekundu, arudi kwao.” Na kila akipata kaa anaokota na magamba matupu mawili matatu, makubwa kidogo kuliko alilovaa, anatia kwenye kopo la pili. Nikamuuliza ya nini. Akasema, “Mpangaji asipokuwa na pa kuhamia, Baba Zai, anamtoa mwenzake kwa nguvu.”

Akamaliza, akaenda kuaga ndugu zake. Nikabaki na makopo mawili, nikachungulia. Jamani! Kumi wale walikuwa kama kunguni. Nikajiona naingia mbele ya wazee, mimi baba wa binti, nimevaa kanzu, mkononi nina kopo la kunguni. Mtu unakwenda ugenini na jogoo, huendi na vifaranga! Na pale pale mbele yangu, kwenye dimbwi, kapita mmoja mkubwa kama ngumi, manyoya mekundu, gamba kama kibuyu, anatembea kama mwenyekiti wa kijiji. Nikayamwaga magamba matupu mchangani, nikamtia yeye. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Tulifika Mikumi kwa shangazi yake Mikidadi baada ya sala ya adhuhuri, tukamkuta Zaituni keshatangulia kutoka Kilosa. Wageni wamejaa, wazee wa Mikidadi ni Wanyamwezi ambao babu zao waliletwa Kimamba na mkonge, na Wanyamwezi na sisi Wasagara ni watani, kwa hiyo mdomo hauna mlango. Mshenga wao, Mzee Kasanda, kaketi karibu kabisa na lile tangi, sinia la pilau mbele yake. Bi Tatu akatoa kopo lake, Mikidadi akawapokea wale kumi kwa mikono miwili, uso unamng'aa, akawashusha taratibu mmoja mmoja.

Nikasimama. “Na mimi,” nikasema, “nimekuletea baba yao.”

Nikamtoa. Mikidadi akanywea.

“Baba… huyu ni mkubwa.”

“Mkubwa ndiyo! Nimekuchagulia mwenyewe.”

Sasa niambieni, kijana anayesubiri jibu la posa atamwambia nini baba wa binti mbele ya wazee? Akainamisha kichwa, akasema, “Ahsante, baba.” Zaituni mlangoni akanitazama jicho moja tu. Nikamtumbukiza.

Dakika tano za kwanza nilikuwa mfalme. Akatembea, watu wakashangilia. Akaanza kupanda lile rundo la mawe ya matumbawe, nikasema, “Mnamwona? Huyo ndiye mwanamume!” Akafika juu. Jiwe likayumba. Likaanguka na jiwe la pili, likagonga bomba la pembeni, bomba likachomoka, na pampu haina habari, inasukuma tu, bahari ikaanza kutoka nje, kwenye mkeka, kwenye pilau, kwenye viatu vya wazee. Nikasema nitarekebisha kabla hawajaona (wameshalowa, nakwambia kabla hawajaona!), nikachomeka mkono pamoja na kanzu mpaka begani, nimshike yule mshenzi, na yeye akanishika kwanza.

“Mama yangu weee!”

Mtu mzima na mvi. Nikauchomoa mkono, kaa ananing'inia kidoleni, nikapunga, akaachia, akaruka, akatua kwenye mapaja ya Mzee Kasanda.

Maji yanatiririka tu.

“Wasagara,” akasema Mzee Kasanda, hajatikisika, “tunaomba mke, mnatupiga na kaa. Bahari mmeijulia wapi nyie? Mmezoea mafuriko ya mto Mkondoa!”

Nikatamani mkeka unimeze. Kumbe Mikidadi keshaanza kazi. Kazima pampu, kalala kifudifudi majini na shati lake la heshima, karudisha bomba, kawachota samaki wake wawili kwenye beseni, wazima, kampokea yule mkubwa kutoka kwa mshenga akamfunika ndooni, halafu akaja kwangu na kitambaa safi, akanifunga kidole. Mikono midogo, haitetemeki. “Pole, baba. Inauma?” Nusu ya matumbawe yake imevunjika, ananiuliza kama inauma.

Ndipo nikamsikia Bi Tatu. Anacheka mpaka kashika ukuta, machozi yanamtoka. Akakunjua pindo la khanga, mle ndani magamba matupu, yote niliyomwaga. Kumbe alirudi nyuma yangu akayaokota na hakuniambia njia nzima. Akayadondosha kwenye tangi, akajifuta macho. “Baba Zai, wazee wanasubiri jibu.”

Nikamtazama Zaituni, anauma kucha. Nikasema, “Nimekubali.”

“Kwa hiari,” akauliza mshenga, “au kwa kaa?”

Hapo ndipo watani waliponitoza faini: nisimulie milele, na yule mkubwa nimrudishe pwani mwenyewe, nimeipakata ndoo yake. Nilimrudisha.

Zamani nikisimulia, Bi Tatu alikuwa ananirekebisha, “Hukusema mama yangu, ulisema nakufa.” Sasa hakuna wa kunirekebisha, imebaki ninavyokumbuka mimi. Nimeapa simchagulii mtu tena kitu kwa ukubwa, iwe kaa, iwe mkwe. Lakini Mikumi naenda. Kuna gamba moja lina doa jeupe, nililiona siku ile likitoka kwenye khanga yake. Wapangaji wameshahamia na kuhama humo, mdogo anaingia, anakua, anamwachia mwingine. Mikidadi ananisogezea kiti, nakaa, nalitafuta kwenye mawe mpaka nalipata, linatembea.