Maji ya Mchicha

Mama yangu ndiye aliyekuwa akionja chumvi ya masufuria ya chakula cha Muharram msikitini kwetu, hapa Toronto. Wapishi walikuwa wengi, lakini hakuna aliyethubutu kuepua kabla mama hajadondoshea mchuzi kidogo kiganjani akalamba. Basi siku alipolamba akanitazama mimi, nilijua kuna jambo. Tuliporudi nyumbani Crescent Town akaniambia, "Mwanangu, ulimi wangu umekufa. Unawaka moto, na chumvi siisikii."

Nikampeleka hospitali. Walimtoa damu, wakampima hata kiuno kwa utepe, na hilo lilimuudhi. Majibu yalipotoka, daktari alisema damu ina upungufu wa foleti, vitamini ya majani na kunde. Nilipomtafsiria, mama alicheka, akajipiga tumboni. "Mimi nikose chakula? Na tumbo lote hili?"

Kwetu tumbo ni ushahidi. Mwenye kitambi kala kashiba, haulizwi kitu. Daktari akaeleza kwa upole kwamba wenye mafuta mengi tumboni mara nyingi hukutwa na foleti kidogo. Kipi kinaleta kingine, wataalamu bado wanachunguza. Nilimtazama mama nikastaajabu. Mwili ule mpana, wenye joto, niliouegemea utotoni, kumbe ulikuwa na njaa ndani kwa ndani, na sisi tunausifu.

"Mboga za majani anakula?" daktari akauliza.

"Kila siku," nikajibu, hasira zimeshanipanda.

"Anazipikaje?"

Nikamweleza. Mama huchemsha mchicha na magadi mpaka ulegee, akaukamua kwa mikono miwili, maji ya kijani akayamwaga, ndipo auunge kwa nazi. Alifundishwa hivyo na mama yake, nami akanifundisha. Daktari akasema foleti nyingi huondoka na maji yale. Miaka yote hiyo tulikuwa tunalisha sinki.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama akasema, utadhani anazungumzia ya jirani.

Vidonge akameza. Mchicha nikaupika mimi, bila magadi, kwa muda mfupi, na maji yake humo humo. Aliula bila kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Kila nikimuuliza habari ya chumvi, anatikisa kichwa. Muharram ilikuwa inarudi, naye ameshaanza kusema wamtafute mwingine. Niliogopa kuliko nilivyoonyesha.

Jumapili moja nilirudi kutoka zamu ya ghala kule Malton, nimechoka, nikapika harakaharaka. Mama akadondoshea mchuzi kiganjani, akalamba. Akafumba macho.

"Nani kakufundisha kupika wewe?" akasema. "Chumvi imezidi."

Nilikaa chini pale pale jikoni nikalia. Yeye akaongeza tui, akakoroga, akaonja tena.