Chebet na Swali la Neema

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kule juu, kati ya Molo na Sachangwan, tuliijua baridi kabla hatujajua kusoma. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe pe, nasi tulikimbia shuleni miguu mitupu, tukisimama kidogo pale ng'ombe walipokuwa wamelala ili tupashe nyayo joto. Mjukuu wangu wa leo huvaa soksi mbili mbili kutoka chumbani hadi jikoni, na bado anapiga chafya. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa matambara, tulichoma viazi kwenye majivu tukavila na maganda yake, na mikono yetu, wakubwa kwa wadogo, ilinuka pareto kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ilinuka pareto na sabuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Baba yangu alitoka Bungoma akawa nyapara kwa mzungu mmoja mwenye shamba kubwa. Kambini kwetu kulikuwa na watu wa kila kabila, kwa hiyo Kiswahili, kile cha kwetu cha kuokoteza, ndicho kilichotuunganisha. Tulikuwa na jengo moja la mabati lililokuwa shule siku za kazi na kanisa siku ya Jumapili. Mwalimu Zakaria alikuwa mwalimu wetu na katekista wetu pia, mtu mwembamba mwenye koti moja na rula moja. Katekisimu tuliikariri, swali na jibu, swali na jibu. Ukikosea neno moja, rula ilikukumbusha.

Mimi sikukosea. Niseme ukweli, nilikuwa na maringo. Nilikuwa na miaka kumi, nikijiandaa kwa komunio ya kwanza, na maswali yote niliyajua mbele na nyuma. Mama alikuwa ameshanishonea gauni jeupe kwa kitambaa kilichotoka Nakuru, likawa linaningoja sandukuni.

Pale kanisani, benchi la mbele, alikaa mama mmoja Mkipsigis aitwaye Chebet. Homa ilimwondolea masikio alipokuwa mtoto mdogo, na maneno yakaondoka pamoja nayo. Watu walimwita Bubu. Alikuwa mchumaji hodari, kikapu chake kikijaa kabla ya vya wengine. Kila Padre alipokuja kuwapima wanaotaka ubatizo, Chebet alijipanga nao mstarini. Mara tatu nilimwona akijipanga, na mara tatu Mwalimu Zakaria akimshika bega kwa upole na kumrudisha benchini. Hangeweza kujibu maswali, basi angebatizwaje?

Siku moja, baada ya kurudishwa mara ya tatu, Mwalimu aliniona nikimtazama.

"Nekesa, wewe si unajua kila kitu?" akasema. "Haya, mfundishe. Padre atarudi kabla ya Pasaka."

Nadhani alikuwa anatania nusu. Mimi niliichukua kazi hiyo kama cheo.

Kila jioni nilimfuata Chebet nyumbani kwake. Siku ya kwanza nilimpigia kelele sikioni hadi jirani akatoka kuuliza nani ameumia. Siku ya pili nilijaribu mikono. Nilianza na Mungu. Nilinyoosha kidole juu, nikatoa macho, nikanyoosha tena. Chebet akatazama juu, akaona wingu, akatoka mbio kuingiza pareto yake kabla ya mvua kunyesha. Tulicheka wote wawili, yeye kwa sauti yake nzito isiyo na herufi. Dhambi tuliielewa haraka: nilijifanya ninaiba sukari, naye akanionyesha kwamba yeye aliwahi kuiba mayai.

Tatizo likaja kwenye neema. Jibu lake lilikuwa refu na tamu, nami nililisema bila kuvuta pumzi. Lakini kwa mikono? Nilikaa mbele ya Chebet nikiwa nimeinua viganja hewani, vikabaki hapo. Nikarudi nyumbani nimenuna.

"Mama, neema ni nini?"

Mama alikuwa anamenya viazi. "Si ndiyo hiyo unayoimba kila siku?"

Nikamwimbia jibu lote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisu kimesimama.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Sasa niambie ni nini."

Nikaanza kulirudia jibu lile lile. Alinipa kisu cha pili, tukamenya.

Wiki mbili kabla ya Padre kuja, ukungu ulishuka mchana mzima na kazi ikasimama mapema. Nilipofika kwa Chebet alininywesha mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mkaa, kisha akanishika mkono. Tulipita nyuma ya kanisa hadi makaburini. Akasimama penye kaburi fupi, urefu wa mkono wangu na kidogo zaidi. Akakunja mikono kifuani, akabembeleza. Akaonyesha maji yakimwagika kichwani mwa mtoto. Kisha akaelekeza kidole ardhini.

Sikuwa nimejua. Tulikuwa tumehamia shambani pale baada ya mambo hayo. Kumbe mtoto wake alibatizwa akiwa mgonjwa, akazikwa pale kwa Wakristo, na mama yake, asiyebatizwa, akabaki upande wa nje.

Nilikuwa na sala za asubuhi, za jioni, za chakula na za wafu, na hakuna hata moja iliyokubali kutoka. Chebet alikaa chini kwenye nyasi zenye maji, nami nikakaa kando yake. Hakulia. Aliweka kiganja juu ya kaburi, akafumba macho, akatulia namna ambayo sijawahi kumwona mtu mzima akitulia kanisani. Tulikaa hivyo hadi nguo yangu ikalowa. Sikuona maono, wala sikusikia sauti. Ila nilijua kwamba huyu mama hakuwa akingoja nimfundishe kuomba.

Padre akaja Jumamosi. Alikuwa mzungu mzee mwenye miwani, na Kiswahili chake tulikiigiza tukiwa machungani. Wakubwa walijibu, watoto wa komunio tukajibu, maswali mepesi mepesi. Halafu Chebet akasogea mbele. Mwalimu Zakaria akainuka kumrudisha.

"Ngoja," nikasema. Hata leo sijui nilipata wapi ujasiri huo. "Padre, mimi ninaongea naye."

Padre akanitazama. "Basi uliza yeye. Kwa nini anataka batizo?"

Nikamgeukia Chebet, nikamwaga maji ya hewani kichwani kwake, nikafungua viganja kumuuliza. Alifikiri kidogo. Akakunja mikono, akambembeleza mtoto asiyekuwapo. Kisha akainyoosha mikono ile mbele, polepole, kama anayemkabidhi mtu mtoto aliyelala. Akaiachia hapo. Hakuirudisha kifuani. Usoni hakuwa na huzuni. Alikuwa anatazama kama anayemwona yule aliyempokea mtoto.

"Amesema nini?" Padre akaniuliza.

"Amesema mtoto wake alikufa," nikaanza, nikakatiza, kwa sababu hakuwa amesema hivyo. "Amesema... Padre, nimeliona jibu lake, lakini siwezi kulisema."

"Padre, hajajibu hata swali moja," Mwalimu Zakaria akasema, bila ubaya. Alikuwa mtu wa kufuata daftari.

Padre alivua miwani, akaipangusa. "Mimi nakaa hapa miaka mingi, Zakaria. Mimi nasema maneno mingi sana. Andika jina yake."

Kisha, pengine ili nami nipate sifa yangu, akaniuliza: "Na wewe, mtoto. Neema ni nini?"

Jibu lilikuwa ulimini, zima, limepangwa. Lakini mikono ya Chebet ilikuwa bado machoni mwangu.

"Sijui, Padre."

Mwalimu Zakaria alifumba macho. Padre alipoondoka kwenda Elburgon, Mwalimu alichukua kalamu akalifuta jina langu kwenye orodha ya komunio.

"Ulilijua jibu!" Mama alisema.

"Nililijua."

"Sasa kwa nini?"

Nikalia tu. Mama akalikunja gauni, akalirudisha sandukuni. Mwaka uliofuata lilikuwa fupi, ikabidi aliongezee upindo wa kitambaa cheupe cha aina nyingine, na wasichana wakanicheka.

Chebet alibatizwa Pasaka ile. Alipoulizwa jina alilolitaka, alinielekezea kidole, wakamwita Rosa, jina langu la ubatizo. Na Mwalimu Zakaria, siku moja tukifunga madirisha ya shule, aliniambia bila kunitazama, "Nekesa, lile swali la neema, mimi nilifundishwa kulijibu. Zaidi ya hapo sikufundishwa." Hakuwahi tena kumpiga mtoto rula kwa sababu ya swali hilo.

Baadaye wazungu waliondoka, mashamba yakakatwa vipande, sisi tukahamia Nakuru. Siku ya kuondoka, Chebet alitusindikiza hadi stesheni ya Molo. Treni ilichelewa. Tukakaa kwenye benchi bega kwa bega, muda mrefu, bila neno na bila ishara. Sikumwona tena.

Leo jirani yangu ni kanisa lenye vipaza sauti sita, na vijana wanahubiri kana kwamba Mungu naye ana masikio mabovu. Simu yangu hujaa aya za Biblia kabla sijanywa chai, nyingine zimetumwa na mjukuu ambaye bado hajatandika kitanda. Siwalaumu, maneno ni mazuri, nami nimeyapenda maisha yangu yote. Watoto wangu hunipigia kila Jumapili na huuliza mambo mengi, nami nashukuru. Lakini wakishakata simu nyumba hubaki kimya, na kimya hicho kina nafasi ya mtu mmoja zaidi, kama lile benchi la Molo.