Shafti ya Mashine ya Chumvi

Siku ile tulikuwa wanne katika karakana aliyotuachia baba, hapa Bagamoyo: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, ambaye ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi na alikuwa likizo, mama mwenye mashine ya kusaga chumvi, na jirani yetu, fundi wa kukereza vyuma, aliyesubiri nimalize ili naye aanze kukereza.

Mama wa chumvi alikuwa ameharibikiwa na shafti mbili, mihimili inayozungusha mashine yake, kwa msimu mmoja. Ya kwanza ilikuwa laini, ikapinda. Ya pili ilikuwa ngumu mno, ikakatika kama muhogo mkavu. Safari hii alileta kipande cha chuma cha aloi, kilichochanganywa na metali nyingine, kinene kama mkono wangu, na sharti moja: ugumu wake usome thelathini kwenye kipimo cha ugumu, usizidi wala usipungue kwa zaidi ya mbili.

"Ikishindikana hapa," alisema, "kazi zangu zote nazipeleka Dar."

Kazi zake ndizo zilizokuwa zikitulisha. Niliacha shule darasa la sita, mwaka waliofariki wazazi, na tangu hapo nimewalea wadogo zangu watatu kwa moto wa karakana ile.

Tuliwasha tanuri asubuhi. Chuma kikawa chekundu, kikakaribia rangi ya chungwa, sumaku ikawa hainasi tena. Nikakibana kwa koleo, nikageukia pipa la maji ya bahari ili nikizime, kipoe ghafla na kuwa kigumu.

"Dada, hiki kinataka oili," mdogo wangu alisema. "Maji yatakishtua."

"Baba alizima majembe ya mji huu wote kwa maji ya bahari."

"Majembe, dada. Hiki si jembe."

Nikakitumbukiza. Mvuke ukatufunika, na ndani ya pipa tukasikia ti! Sauti ndogo tu. Nilipokitoa, ufa ulikuwa umepita ncha hadi ncha.

Mama wa chumvi akainama kuutazama. "Mwanangu, mimi nilileta chuma. Sikuleta nazi."

Fundi alicheka, mpaka alipouona uso wangu. Akatoka. Aliporudi alikuwa na kipande cha chuma begani, aina ile ile, alichokuwa amejiwekea kwa kazi yake.

"Pesa usinitajie," alisema. "Utanirudishia chuma, aina hii hii, unene huu huu. Na hilo pipa lako pikia supu, chumvi imeshakolea."

Nikamgeukia mdogo wangu. "Haya, mwalimu. Niambie."

Alipitisha waya wa kipimajoto ndani ya tanuri. Mimi nilisoma moto, yeye akasoma namba. Ilipofika nyuzi mia nane na hamsini tukangoja joto lipenye hadi ndani, kisha nikakizamisha chuma kwenye pipa la oili. Ndimi za moto ziliruka juu, tukazifunika kwa bati, nami nikaendelea kukitikisa juu chini bila kupumzika. Kilitoka cheusi na kizima. Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo.

Sasa kilikuwa kigumu kupita kiasi, kwa hiyo tulikirudisha motoni, kwa upole, joto la nyuzi mia sita, muda wa saa mbili. Hapo hakuna chuo kilichonisaidia. Kutuliza moto wa mkaa mahali pamoja saa mbili nzima ni kazi ya mikono: kuwasha feni, kuizima, kuvuta makaa, kuyarudisha. Mdogo wangu hakuondoa macho kwenye namba.

"Dada, namba haitikisiki!" alisema. "Pale chuoni tuna tanuri la umeme na bado inaruka."

Chuma kilipopoa, tulisugua sehemu tatu, na mdogo wangu akabonyeza kipimo cha ugumu alichoazima chuoni. Thelathini na moja. Thelathini. Ncha ya pili, thelathini na moja.

Mama wa chumvi hakuamini mpaka alipovaa miwani na kusoma mwenyewe. Kisha akapiga kigelegele kilichowatoa wauza samaki wa jirani vibandani mwao. "Dar waende wenye safari zao!" akasema. Mimi niliketi juu ya fuawe la baba, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Fundi aliikereza, na shafti ile inazunguka mpaka leo. Nimekwenda Gerezani, kule Dar kwa wauza vyuma, mara mbili kutafuta chuma cha kumrudishia fundi. Mara ya kwanza walikuwa na chembamba. Mara ya pili niliuziwa chuma laini kilichopakwa rangi ya kutambulisha aloi, nikakigundua nilipokijaribu kwa tupa. Fundi haniulizi. Ananisalimu kila asubuhi, na mimi bado sijamrudishia.