Kidole cha Pili

Yule wakala wa laini za simu pale stendi ya Makambako alinibonyezesha kidole mara mbili, eti cha kwanza hakijasoma. Kumbe cha pili alisajilia laini nyingine kwa jina langu, wenzake wakaitumia kutapeli watu. Tangu hapo kina mama wa kanisani kijijini kwetu Yakobi wananiita mwizi, benchi nakalia peke yangu. Polisi walinipa pole tu.

Sasa kuna huyu jirani yangu, mkubwa wa wale wanaolinda mitandao ya serikali, wanasema hata ikulu wanamwomba ushauri. Akija likizo anakaa jikoni kwangu anamenya viazi, maganda membamba mpaka unaona mwanga. Sauti yake ndogo, kama yuko na mgonjwa. Swali moja analirudia mpaka linakera.

"Bibi, alisema hakijasoma?"

"Mwanangu, we kiziwi?"

Anacheka, anachukua kiazi kingine.

Siku moja akajifunga kitenge, tukaenda naye Makambako, na askari wawili nyuma wamevaa kiraia. Wakala ni yuleyule. Jirani akaomba kusajili laini, akatoa kidole.

"Kamwene mama," wakala akamsalimia kikwetu. "Hakijasoma, weka tena."

Jirani akakikunja kidole taratibu. "Kimesoma. Geuza hicho kimashine nione."

Jamaa akalowa jasho, na baridi yote ile. Askari wakamshika. Jirani akampigia Fidelia, kiongozi wa kina mama, akaweka sauti kubwa. "Mwambie mwizi ni nani." Wakala akasema yote.

Fidelia akaanza, "Bibi, jamani, tusamehe."

Nikamwambia, "Hayo utayasema Jumapili, mbele ya wote ulionisema kwao."